Godoro la Kipupwe

Mwezi wa saba mwaka huu tulimzika Mamdogo Zuhura, kwenye joto ambalo zamani tulikuwa tunaliona mwezi wa pili. Watu msibani walisema maneno mazuri ya kumsindikiza marehemu, na mimi nilikaa pale nimenuna, nina hasira na jua. Mwezi wa saba jamani! Mwezi ambao Bibi yangu alikuwa anafungua mlango wa uani asubuhi amejitanda shuka mpaka masikioni, anasugua viganja na kulalamika kwamba mwaka huu baridi itatumaliza. Kule Ilala, nyumbani kwa Mamdogo, tulikaa wanawake chini juu ya magodoro ya sponji yaliyoazimwa kwa majirani, feni linazungusha hewa ile ile ambayo tumeshaipumua wote, na kila aliyeingia kutupa pole alilitaja joto kabla ya kumtaja marehemu. "Poleni na msiba. Na joto hili nalo!" Tunaitikia, "Tumeshapoa," na jasho linatutiririka mgongoni.

Siku ya khitma alisimama mzee mmoja wa upande wa mumewe, mtu wa maneno laini, akasema mke kama Zuhura hatutampata tena mjini hapa. Akasema mume wake katangulia zamani, watoto wamemnunulia kila kitu cha kisasa, lakini yeye mpaka anakata roho alikuwa analalia godoro la harusi yao, la sufi, hakukubali libadilishwe. "Huko ndiko kupenda," akasema. Wanawake wakaguna kwa kuridhika, mmoja akafuta machozi. Mimi nikainamisha kichwa nikawa nahesabu nyuzi za mkeka. Watu walipoanza kukunja mikeka na kurudisha masufuria ya kuazima, Asia, binti mkubwa wa marehemu, akanishika mkono. "Dada Tatu, hebu njoo chumbani unipe akili. Hili godoro la mama tunalifanyaje?" Nikamfuata. Lilikuwa juu ya kitanda, limetandikwa vizuri, na nilipoliona tu nikarudi Kariakoo, kwenye kipupwe cha mwaka ule, nikiwa na miaka kumi na minne.

Nyumba ya Bibi ilikuwa nyuma ya soko, nyumba ya ukumbi mrefu katikati na vyumba kila upande, halafu ua. Leo pale pana ghorofa, na mimi naishi humo humo, ghorofa ya nne, kwa makadirio yangu juu kabisa ya mahali palipokuwa na choo. Dirisha langu linatazama dirisha la jirani, naye ametundika kiyoyozi kinachonitemea joto lake mchana kutwa. Yeye apoe, mimi niive. Tumejengeana kuta mpaka upepo umekosa pa kupita, halafu tunamuuliza Mungu baridi imekwenda wapi. Nikiwasimulia vijana kwamba Kariakoo hii hii watu walikuwa wanavaa masweta, wananitazama kama wanavyomtazama mtu mzima anayeanza kuchanganyikiwa, wananijibu, "Sawa, bibi." Lakini kipupwe kilikuwapo. Kilikuja kimya kimya baada ya masika kukauka, upepo ukigeuka kuwa wa kusi, na kipimo chetu kilikuwa chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ukiinua chupa dirishani ukakuta mafuta yameganda meupe, basi, kipupwe kimeingia, na Bibi anatangaza ukumbini kama mtu aliyeona mwezi mwandamo. Chupa yangu ya mafuta haijaganda miaka mingi sasa. Bado naiweka dirishani, mazoea tu.

Na kipupwe kilikuwa na vyakula vyake. Machungwa ya Tanga yalishuka sokoni kwa marundo, ukumbi mzima ukanuka maganda. Mbaazi mbichi zilitoka, Bibi akazipika kwa nazi nzito mpaka tui linashika kijiko, tukazila na maandazi jioni tumekaa karibu na jiko, miguu tumeikunja ndani ya kanga. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, kwa hiyo uji wa asubuhi tuliunywa na tangawizi na pilipili manga nyingi ili ulimi usikumbuke kilichokosekana. Wazee wa barazani walitoa makoti yao ya zamani sandukuni, yananuka dawa ya nondo, wakakaa nayo mpaka saa sita za mchana kwa kiburi. Aliyetucheka alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, Mama Eliza, mwanamke wa Rombo aliyekuwa na duka la mablanketi mtaa wa pili. "Hii ndiyo baridi?" anasema, mikono wazi, gauni la mikono mifupi. "Aisee, watu wa pwani mna deko. Kwetu hali kama hii tunaanika mahindi." Bibi anamjibu, "Rudi kwenu basi ukagande." Naye, "Nikigandia huko nani atawauzia blanketi nyie?" Maana yeye aliiomba baridi kama mkulima anavyoomba mvua, mwaka wake wote ulikuwa miezi ile. Siku hizi duka lile liko kwa mwanawe, na mwanawe anauza feni. Anauza vizuri sana.

Lakini kazi kubwa ya kipupwe nyumbani kwetu ilikuwa sufi. Magodoro ya sponji yalikuwa ya wenye jamaa serikalini. Sisi tulilalia sufi, na godoro la sufi likilaliwa mwaka mzima linashikana, linakuwa na mabonde ya mwili wa mtu. Kila kipupwe lilifumuliwa, sufi ikaanikwa, ikapigwa fimbo, ikaongezwa mpya. Hiyo mpya ilikuja ndani ya maganda yake, magunia yaliyotoka shamba miezi mingi nyuma na kukaa chini ya vitanda yakisubiri baridi. Ilibidi yasubiri, kwa sababu sufi haichambuliwi kwenye upepo. Ukiacha ufa mdogo tu inaruka mtaa mzima. Ni lazima mjifungie chumbani, dirisha limezibwa kwa matambara, mlango umewekewa gunia chini, na nani atajifungia hivyo wakati wa joto? Kwa hiyo wanawake wa nyumba, mama yangu, Bibi, Mamdogo Zuhura, mimi, na Mama Eliza akitoka dukani, tulikaa kwenye chumba cha Bibi kuanzia baada ya adhuhuri, kanga tumejifunga puani, tunapasua maganda, tunatoa mbegu moja moja. Mbegu za sufi ni nyeusi, ndogo, kama pilipili manga. Baada ya muda nyusi zote zinakuwa nyeupe, mimi wa miaka kumi na minne nafanana na Bibi, na anayetaka kupiga chafya anatimuliwa nje kabla hajaharibu kazi ya watu.

Nitasema ukweli, sijapata kukaa mahali pazuri kama chumba kile. Baridi iko nje inabisha dirishani, ndani tumebanana, joto letu wenyewe linatosha. Na maneno! Labda ni kwa sababu midomo ilifunikwa, basi kila mtu alisema ambalo asingelisema barazani. Humo ndimo nilimojua nani kamwacha nani, nani mtoto si wake, sheikh gani anaogopa mkewe. Nilijifanya nimezama kwenye kazi na hakuna aliyenikumbuka. Na kila mwaka Bibi alirudia kisa chake cha kututisha wavivu. Hapo zamani, anasema, kulikuwa na binti Gerezani aliyekuwa anaolewa, wakamjazia godoro haraka haraka bila kuchambua vizuri. Vyombo vya bibi harusi vilipopelekwa, wanawake wa upande wa pili wakalibonyeza godoro kama ilivyo ada, wakagusa mbegu. "Wakalirudisha siku ile ile," Bibi anasema, anainua kidole chenye manyoya ya sufi. "Na posa ikafia hapo. Godoro lenye mbegu linaita panya, na linasema nyumba ile wanawake wake hawana adabu ya kazi. Kwa hiyo wewe Tatu, hiyo uliyoiweka pembeni irudie." Naichukua, naipitia upya. Mamdogo Zuhura naye alikuwa anasikiliza, kama miaka yote.

Mwaka ule godoro lilikuwa lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi wa kimya kimya, mtu wa kukuchekesha kwa jicho tu halafu wewe ndiye unayefokewa. Tulilala chumba kimoja. Bwana Shomari, muuza samaki wa Feri, mtu aliyefiwa na mke, alikuwa ameleta posa wakati mvua zinaisha, na Bibi alikuwa ameipokea. Nataka haki itendeke: Bwana Shomari hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watoto, hakuwa mlevi, na katika mwaka ule wa foleni aliingia nyumbani na mtungo wa changu mkononi, watu wakamwona malaika. Alikuwa na nyumba Ilala ya bati jipya. Kwa hesabu ya wakubwa hapakuwa na la kujadili. Kasoro ilikuwa moja, na niliisikia kwa masikio yangu humo chumbani, siku ya kwanza ya kuchambua, Mamdogo alipoweka ganda chini na kusema bila kuinua macho, "Mama, mimi simtaki."

Sauti ya kupasua maganda ikakatika. "Una mtu?" Bibi akauliza.

"Sina mtu."

"Kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Ananuka? Kila muuza samaki ananuka. Atakoga."

"Sijasema ananuka. Simtaki tu, mama."

Bibi akamgeukia mama yangu. "Umemsikia mdogo wako? Simtaki tu! Mimi baba yenu nilimtaka? Kutaka kunakukuta huko huko." Mama yangu akasema, "Zuhura, usituaibishe," akaendelea na ganda lake. Angekuwa na mpenzi, nadhani wangemwelewa. Wangemfungia ndani, wangemtukana, lakini wangekuwa na kitu cha kupambana nacho. Hiyo "simtaki tu" ilikuwa haina mahali pa kuishika, basi wakaiacha ipite kama ugonjwa wa mtoto. Mama Eliza peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Bi Mwantumu, mtoto kasema hataki. Mara ngapi tena aseme?" Bibi akaishusha kanga puani ili asikike vizuri. "Mama Eliza, wewe tumekupangisha chumba. Maneno hatukukupangisha." Mama Eliza akanyanyuka, akajipangusa sufi, akatoka, na jioni ile hakuja kula mbaazi. Mimi nilikula za kwake.

Tuliendelea kuchambua siku nyingi, na Mamdogo hakulirudia lile neno. Bibi alifurahi. "Mnaona? Kapoa." Mfuko wa godoro ulishonwa, kitambaa kizuri cha mistari ya buluu, kilichopatikana kwa kujuana. Kwa desturi yetu bibi harusi mwenyewe ndiye anayeshindilia sufi ya mwisho na kushona mdomo, kwa sindano kubwa ya magunia, wengine watoke chumbani wamwache na mtu mmoja wa kumshikia kitambaa. Aliniomba mimi. Wakubwa wakaenda uani kupika, tukawasikia wanacheka. Mamdogo akaenda nyuma ya mlango, akavuta kigunia nisichokijua, akakifungua. Kilikuwa na sufi yenye mbegu zake zote, haijaguswa, na juu yake kamwagia mbegu nyingine, zile tulizokuwa tunazikusanya kwenye ungo ili tukazitupe. Akaanza kushindilia. Pale juu, pale mtu anapoweka mgongo. "Mamdogo, hiyo bado," nikasema. Akaniangalia kwa lile jicho lake, lakini safari hii halikuwa la kuchekesha. "Najua," akasema. "Shika kitambaa." Nikakumbuka binti wa Gerezani, nikashika. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilidhani dunia inafuata visa vya Bibi.

Vyombo vilipelekwa alasiri yenye upepo mkali. Bibi harusi hukaa ndani, kwa hiyo Mamdogo alibaki. Sisi wengine tulitembea kutoka Kariakoo mpaka Ilala tukiimba, kanga zinapeperuka, masufuria vichwani, godoro limelala juu ya mkokoteni kama mgonjwa. Aliyetupokea alikuwa dada mkubwa wa bwana harusi, Bi Kidawa, mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa. Akakagua vikombe, akasifu, akakagua mashuka, akasifu. Kisha godoro likatandikwa kitandani na yeye akaweka kiganja, akabonyeza. Akabonyeza tena mahali pengine. Uso wake ukabadilika. Akawaita wenzake wawili nao wakabonyeza, wakatazamana. Nikasikia upepo kwenye bati. "Bi Mwantumu," Bi Kidawa akasema taratibu, "hili mbona halijachambuliwa?" Bibi akasogea, akaweka mkono wake. Na mama yangu akaweka wake. Niliwaona. Waligusa wote, na hakuna hata mmoja katika chumba kile ambaye hakuelewa, kwa sababu hakuna mwanamke wa pwani anayemaliza kipupwe kizima akichambua halafu akasahau mbegu nyingi kiasi kile. Ilikuwa imeandikwa pale chini ya viganja vyao: hataki.

Mimi nilikuwa nasubiri neno moja tu. Lirudisheni. Bi Kidawa akavuta pumzi, akamtazama Bibi, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu mwema anayekusitiri. "Haidhuru, dada yangu. Godoro tutalichambua wenyewe. Sisi tulichoposa ni mke, hatukuposa sufi." Vigelegele! Mtu akapiga kigelegele, na mwingine akadakia, na chumba kizima kikaripuka. Na Bibi akacheka. Nimesamehe mambo mengi ya wazee wangu, na wengi wao wameshalala makaburini nikiwaombea dua, lakini kile kicheko cha Bibi, kile kicheko cha kuponea aibu, sijakisamehe. Alicheka mpaka akakaa chini. Njiani kurudi alikuwa mchangamfu kuliko wakati wa kwenda, akanunua machungwa, akanipa mawili.

Nilimkuta Mamdogo chumbani kwetu, amesingwa liwa, ngozi yake inang'aa. Alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya nazi, anaipasha joto kwapani ili yayeyuke apake nywele. "Walilibonyeza?" akauliza.

"Walilibonyeza."

"Wakajua?"

"Wote wamejua. Na Bibi. Na mama."

"Wakasemaje?"

Nikamwambia. Nililisema neno la Bi Kidawa lote kama lilivyo, kwa sauti ndogo. Mamdogo akaitoa chupa kwapani, akaigeuza juu chini. Mafuta yalikuwa yameganda bado, hayakusogea. "Watalichambua wenyewe," akarudia. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayekuambia kesho ni siku gani, "Hawatalichambua."

Siku ya nikaha walikuja mlangoni kumuuliza, kama dini inavyotaka: je, umeridhia kuolewa na fulani? Mamdogo alikuwa amefunikwa, Bibi amekaa ubavuni kwake, na mimi nilikuwa miguuni pao, ndiyo maana niliuona mkono wa Bibi ukiingia chini ya kanga. Dini ilitaka aulizwe, na akaulizwa. Dini haikumtuma mtu amfinye mwenzake paja. Mamdogo akanyamaza kimya. Wakauliza tena, akanyamaza, na sauti ya mwanamume nje ikasema kwa furaha, "Kanyamaza, karidhia!" Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama Eliza, ambaye hakukaribishwa ndani, alimsubiri ukumbini wakati wa kutoka akampa blanketi jipya la dukani kwake, zito, la kwao Rombo. "Chukua, mwanangu. Nyumba ya mtu usiyemtaka ina baridi yake." Watu wakadhani ni utani wa Kichaga, wakacheka.

Wiki chache baadaye upepo uligeuka na kipupwe kikaisha. Nililala peke yangu kwenye chumba chetu, kwenye godoro laini lisilo na mbegu hata moja, na sikupata usingizi. Mwaka uliofuata magunia ya sufi yalitolewa tena, tukajifungia tena, Bibi akasimulia tena, ila kile kisa cha binti wa Gerezani hakukisimulia kamwe. Baadaye sponji zikajaa madukani, sufi ikawa kazi ya washamba, nyumba ikauzwa, ghorofa likapanda. Nikienda Ilala kumwona Mamdogo, alinipikia mbaazi, aliniuliza habari, alicheka kwa jicho. Alizaa, alilea, alimuuguza mumewe mpaka mwisho kwa adabu zote. Ukimuuliza habari za nyumbani alijibu, "Tupo." Chumbani kwake sikupata kuingia.

Sasa nilikuwa nimeingia, na Asia alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi. "Mimi naona tulitupe," alisema, "lakini watu watasema. Si umemsikia mzee pale? Na kweli, Dada Tatu, mama alikuwa na wivu na godoro hili! Kitambaa kikichakaa anashona kingine juu yake, sufi ile ile. Shangazi Kidawa alikuja mara ngapi alifumue, walichambue, wanakaribia kugombana. Baba wa watu alilalamika mgongo maisha yake yote. Siku moja akaleta la sponji, jipya, mama akatulaza sisi watoto. Akasema hili haligusi mtu mpaka nife." Akatabasamu, macho yamejaa. "Walipendana, eti?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaweka kiganja. Sikuhitaji kubonyeza sana. Zilikuwa pale pale, ngumu, nyingi, mahali mtu anapoweka mgongo. Panya hawakuzila, na wala miaka haikuzisaga. Nikamwambia Asia akae, nikamshika mkono nikauweka pale. "Unazisikia?" Akasema anazisikia, tangu mdogo, walikuwa wanaziita vijiwe vya mama. Nikamwambia ni mbegu za sufi, kwamba mama yake ndiye aliyezitia kwa mkono wake, makusudi, ili godoro lirudishwe na posa ife. Nikamwambia nani alizigusa na nani alicheka. Jasho lilikuwa linanitoka kidevuni na sikujali linaangukia wapi. Boksi likamwanguka Asia mkononi.

"Kwa hiyo mama hakumtaka baba," akasema.

"Hakumtaka."

"Mwanzoni," akasema upesi, kama mtu anayeomba. "Mwanzoni hakumtaka. Mpaka lini, Dada?"

Jibu tulikuwa tumelikalia.